Patente ya Mama Henriette

Mwaka ule wa 1993, wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Kolwezi, soko la mji lilibaki na meza tupu na mbwa. Biashara yote ilihamia stesheni, ambako waliofukuzwa walilala juu ya mizigo yao wakingojea mabehewa. Ushuru nao haukukawia kuwafuata, pamoja na patente, kibali cha kulipia cha mfanyabiashara mdogo.

Mama Henriette Kankolongo aliwashonea wasafiri wenzake magunia. Cherehani ndicho kitu pekee alichofanikiwa kutoka nacho nyumbani, na ndiyo ingemlisha huko Kasai, ambako hakuwahi kukanyaga. Alizaliwa Musonoi, hapo hapo Kolwezi. Watu walikuwa wameshaanza kupanda behewa wakati wanaume wawili walipoikamata cherehani, kila mmoja upande wake.

"Mama, patente iko wapi?" aliuliza Kisimba, mtoza ushuru wa mji.

"Muji umenifukuza, tata. Unataka tena patente?"

"Kufukuza ni kazi ya bengine. Yangu ni patente. Kama haulipe, machine inabaki."

"Inabaki kwa Serikali," alidakia Louis, aliyetoza kwa niaba ya Kinshasa. "Reli ni ya nani?"

"Kinshasa inafagiaka soko yetu?"

"Na weye unafagiaka? Soko iko na majani mpaka ku magoti!"

Watu walisahau njaa, wakaja kusikiliza. Henriette hakuwa amegombaniwa hivyo tangu usichana wake. Mwishowe Louis akaisoma sheria: mfanyabiashara mwenye makao mjini ni wa mji, asiye na makao ni wa Serikali.

"Huyu ni wa Kolwezi!" Kisimba alipaza sauti. "Mwenyeji kabisa!"

Vijana waliomfukuza Henriette, ambao sasa walilinda lango la stesheni, waliinamisha macho. Kisimba akafungua kitabu chake cha patente.

"Mama, unaikalaka wapi?"

"Musonoi, numero kumi na ine. Ile ya mulango ya kijani."

Kalamu ikasimama.

Louis akaangua kicheko. "Kumi na ine? Si kwako, Kisimba? Si njo kule ulituita kukunywa bia? Andika, bwana! Andika, upige na muhuri!"

Henriette akamtazama Kisimba vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa na uso wa mtu anayelala vyema.

"Huyu haiko mufanyabiashara," Kisimba alinong'ona. "Iko musafiri tu."

"Basi mi naandika. Serikali nayo inaombaka adresse. Mama Kankolongo, mwenye nyumba numero..."

"Usiandike! Nitalipa miye."

Kisimba akailipa Serikali patente ya Henriette kutoka mfuko wake mwenyewe. Kisha, apate kuhakikisha kwamba cherehani inaondoka pamoja na mama huyo, akaibeba begani hadi ndani ya behewa.

"Tata Kisimba," Henriette alimwita gari moshi lilipoanza kusogea. "Ule mulango wa nyuma, unyanyue kidogo njo unafungika. Na mvua ikinyesha, weka beseni mu chumba ya batoto."

"Ndiyo, mama," Kisimba aliitikia kabla hajajizuia.