Dakika Hamsini na Tano hadi kwa Mtani

Miaka kumi na tisa Mama alifanya kazi ya redio kwenye uwanja mdogo wa ndege wa kisiwa chetu. Ndege ikiruka, alimwita mwenzake wa kisiwa cha pili: "Imeondoka saa mbili na dakika nne, abiria saba. Itegemee saa tatu kasoro dakika moja."

Ni kilomita mia mbili na kumi, dakika hamsini na tano. Upepo ukiwa mkali, saa nzima na ushee. Ikishatua, sauti nzito ya kiume ilijibu: "Imefika salama, dada. Huko mnakula nini? Ndege imekuja nzito!"

Mama alimwita Mtani. Hawakuwahi kuonana, kwa sababu kila ndege iliwataka wote wawili wawe redioni, na hakuna aliyekuwa na wa kumshikia zamu. Nilipozaliwa, Mtani alijua kabla ya shangazi zangu. Baba alipofariki, Mtani alisema, "Dada, mimi nipo hapa."

Halafu mawasiliano yote yakahamishiwa kituo kikubwa cha bara, na vyumba vyao viwili vya redio vikafungwa. Mama alistaafu, lakini kila akisikia ndege, alitazama saa. Nilipoona hivyo nikamkatia tiketi, nikampigia Mtani simu, na tukasafiri wote wawili.

Siku hizi ndege ni mpya, inatumia dakika thelathini na tano tu. Magurudumu yalipogusa ardhi, Mama alishtuka. "Tumefika? Mbona hata sijajiandaa!"

Nje alitafuta pande la mtu. Akasogea mzee mfupi, mwembamba, kofia mkononi. "Dada?"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Sauti yote hiyo unaiweka wapi?"

Baada ya hapo waliulizana habari za safari mara tatu, kama wageni kwenye foleni. Aliyetuokoa ni mke wa Mtani, alipotufungulia mlango na kumwangalia Mama juu hadi chini.

"Kumbe ni wewe uliyefanya nile chakula cha mchana peke yangu miaka yote!" alisema, akamkumbatia.

Kesho yake Mtani alitupeleka kwenye chumba chake cha zamani. Tulichungulia kupitia kioo chenye vumbi. Sakafuni palibaki alama nne za miguu ya meza.

"Kumbe ulikuwa unaiona bahari," Mama alisema taratibu. "Mimi nilitazama mapipa ya mafuta."

"Ungeniambia, ningekusimulia," Mtani akajibu. Mama akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Tulirudi Jumapili. Nyumbani Mama alifua nguo za safari, akazianika, ndipo akaniita. Mtani na mkewe watakuja likizo ya Desemba, alisema, kwa hiyo nitafute godoro la pili, na lisiwe gumu, maana wifi yake anaumwa mgongo.