Makaburi Kumi na Moja Ukutani

Diwani Zelig Kaplin alisimama nje ya ukuta wa makaburi ya Wayahudi, mjini Thornley Bridge, huku madiwani wenzake wanane wakizunguka ndani kwa viatu vya mpira. Ukuta ulimfika kifuani. Hatua tatu upande wa pili kulikuwa na safu ya makaburi kumi na moja, na ramani aliyoishika ilisema yahamishwe ili kona ya barabara ipanuliwe.

"Zelig, ingia basi!" aliita Maureen Ackroyd, mwenyekiti wa kamati ya mipango. "Hawaumi hawa."

"Unajua siingii, Maureen."

"Miaka kumi na mitano sasa. Na huo ukuhani haujakuongezea hata senti ya pensheni."

Kaplin alikuwa mfamasia, na kuhani kwa nasaba, kutoka kwa baba hadi kwa babu hadi kusikojulikana. Kuhani haendi makaburini ila kwa kuzika jamaa yake wa karibu. Kwa sababu hiyo makuhani wa mji ule walizikwa safu ya mwisho, ukutani, ili wana wao wasimame barabarani na kuwaona. Baba yake Kaplin hakuwamo, alizikwa Leeds. Lakini wana wa wale kumi na mmoja walikuwa wamekufa au wamehama, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuwasemea.

Madiwani wanne walitaka makaburi yahamishwe. Wanne walitaka ardhi ichukuliwe ng'ambo ya barabara, kwenye maegesho ya kiwanda cha bia. Kaplin asingepiga kura, zingefungana nne kwa nne na mwenyekiti angeamua kwa kura ya pili, na Maureen alikuwa upande wa kuhamisha. Tatizo ni kwamba asiyekagua eneo hapigi kura. Kanuni hiyo aliiandika Kaplin mwenyewe, kumbana Colin Tranter aliyewahi kupitisha kiwanja cha shule ambacho hakuwahi kukiona. Tranter alikuwa ndani ya ukuta sasa, na hakuwa amesahau.

"Bwana Pell," Tranter alimwambia mwanasheria wa halmashauri, "huyu amekagua au amechungulia?"

Pell alikunjua ramani juu ya ukuta, akafuata mstari mwekundu kwa kidole. "Njia ya miguu aliposimama imo ndani ya eneo. Amekagua."

Kaplin akashusha pumzi.

Saa nane mchana walikaa ukumbini. Kabla ya kura, Tranter aliinua kalamu.

"Mheshimiwa Kaplin, swali dogo tu. Kwa nini hukuingia?"

"Mimi ni kuhani."

"Na wale waliozikwa ukutani?"

"Makuhani."

"Kuhani anasomea, au anazaliwa?"

Kaplin aliona swali linaelekea wapi, wala hakuwa na pa kupitia. "Anazaliwa. Makuhani wote ni wana wa Haruni."

"Haruni huyo huyo, kaka yake Musa? Basi ni ukoo mmoja!" Tranter aligeukia wenzake. "Mimi simtukani mtu. Lakini kanuni inasema diwani ambaye kaburi la jamaa yake wa damu limeguswa, atoke nje."

"Colin, hiyo miaka elfu tatu," Maureen alisema. "Hata mimi na wewe tutakuwa ndugu, Mungu aniepushe."

Watu wakacheka. Pell hakucheka. "Kanuni haitaji idadi ya vizazi," alisema. "Inamwachia diwani mwenyewe atamke, na jibu linaingia kwenye muhtasari. Mheshimiwa Kaplin, hao ni jamaa zako wa damu?"

Akisema ndiyo, atatoka, na makaburi yatachimbuliwa. Akisema hapana, atakuwa amekana lile pekee lililomfanya asimame nje ya ukuta asubuhi.

"Hapana," alisema Kaplin.

Kura zikawa tano kwa nne. Makaburi yakabaki.

Wiki iliyofuata Tranter aliingia kwenye duka lake la dawa, akaomba dawa ya kikohozi.

"Sikukuu yenu ile ya Majuma ni lini? Nasikia siku hiyo makuhani hupanda mbele kubariki watu."

"Jumatano ya wiki ijayo."

"Nitakuja. Muda wa kupinga uamuzi ni wiki sita, na wenye kiwanda cha bia wana mawakili hodari. Napenda kuona tu nani anajiita nini, baada ya ile 'hapana' yako."

"Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku," alisema Kaplin. "Usiendeshe gari."

Jumatano Tranter alikuwa kiti cha nyuma katika sinagogi, kofia ya kuazima imekaa upande, daftari gotini. Kaplin alimwona mara tu alipoingia. Makuhani waliobaki mjini walikuwa wawili, yeye na mzee Gershon Adelberg mwenye miaka themanini na minne. Desturi iko wazi: kuhani asiyekusudia kubariki hutoka kabla hajaitwa.

Sala ilipokaribia mahali pake, mzee Gershon alimgusa kiwiko. "Twende, mwanangu. Nishike mkono, ngazi zile zimenishinda."

"Leo siendi, mzee."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Mzee alimtazama, akageuza macho polepole hadi kiti cha nyuma, kisha akaenda peke yake akishikilia migongo ya viti. Kaplin alitoka hadi kwenye ujia, akasimama kati ya makoti ya watu. Kupitia mlangoni alisikia baraka ikisomwa kwa sauti moja, nyembamba, inayokatika kila neno kwa kukosa pumzi. Alibaki pale hadi ilipokwisha. Muda wa kupinga uamuzi ulikuwa umebaki wiki nne na siku mbili.