Mrija wa Mama Monika

Katekista Telesphor alikataa kutangaza ndoa ya mwanangu kwa sababu ya mrija. Ni mrija wa shaba, ndio uliowasomesha watoto wangu, maana mimi hapa Kakese napika gongo. Mwaka huo wa tisini na nne alinisimamisha mbele ya waumini wote, akasema mpaka nitakapouharibu, Monika hataolewa kanisani. Mtu huyohuyo kila Ijumaa jioni alipita mlango wangu wa nyuma na chupa yake, eti dawa ya kifua. Kifua gani hicho kisichopona, Mungu mwenyewe ndiye anajua.

Monika alilia mpaka macho yakavimba. Ngusa, mchumba wake, mtoto wa Wasukuma wafugaji, alikuwa amekwishabatizwa kwa ajili yake, na nyumbani kwao walianza kuuliza kama hakuna wasichana wengine. Bila kutangazwa Jumapili tatu, ndoa haifungwi. Nilimchukia Telesphor, nasema wazi.

Halafu mchwa wakaingia kanisani. Walitafuna nguzo bila heshima yoyote, na ile ya karibu na altare ikaanguka katikati ya Baba Yetu. Telesphor akakumbuka tangi lililotelekezwa kwenye mgodi wa zamani. Lilikuwa na mafuta meusi mazito ambayo mchwa hawayagusi, ila yalikuwa yameganda kama lami. Ukifungua koki, hakitoki kitu. Yalihitaji mvuke, na mwenye pipa na mrija kijijini ni mmoja tu.

Safari hii alikuja mlango wa mbele.

"Mama Monika, kanisa linakuomba."

"Kanisa, au wewe?"

Hata hivyo nilikubali, nikidhani atalegea. Tulichemsha maji tangu asubuhi, mvuke ukapita kwenye mrija wangu kuingia tangini. Ngusa alileta kuni mkokoteni mzima wa ng'ombe, zikateketea zote. Tulipata nusu ndoo. Mafuta ya karibu na mrija yaliyeyuka, ya mbali wala hayakujitikisa.

Telesphor alikuwa amechafuka mpaka viwiko. Akamimina mafuta ya taa kiganjani, akajisugua, mikono ikatakata. Akabaki anaitazama.

"Tuyatie haya ya taa kwenye pipa, pamoja na maji," akasema. "Yapande na mvuke. Mvuke upashe moto, taa ilainishe."

Lilikuwa wazo zuri, na hilo liliniudhi zaidi.

"Ukitia taa humo, mrija wangu umekufa. Ile harufu haitoki hata uoshe na majivu."

"Si ndivyo ninavyotaka?"

Nikamwangalia Monika. Alikuwa amesimama kando ya Ngusa, na moyo uliniuma.

"Tangaza Jumapili hii," nikamwambia. "Na taa utie wewe, kwa mkono wako."

Akaapa, akatia. Moto ulilipuka ukaunguza pindo la kanzu yake, akaruka kama mbuzi, nami nilicheka nikasahau kummwagia maji. Lakini haikupita muda koki ikakohoa, mafuta yakaanza kutiririka, ndoo baada ya ndoo, na kuni tulizotumia ni za kubeba kichwani tu. Jioni ile nguzo zote zilipakwa. Mrija wangu ulinuka kama kituo cha mafuta.

Jumapili akatangaza ndoa. Nililia, machozi mengine ya Monika, mengine ya mrija.

Ijumaa nikasikia mlango wa nyuma ukigongwa. Telesphor, na chupa yake.

"Mama Monika, dawa ipo?"

"Itatoka wapi tena, mwalimu? Si uliua mrija mwenyewe. Limebaki dumu moja, la harusi."

"Nipunguzie kidogo tu. Kifua kinabana."

"Utakunywa siku ya harusi, meza ya mbele, waumini wote wakiona kifua kinavyopona."

Alisimama pale anaizungusha chupa yake tupu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama Jumapili tatu haziwezi kuwa mbili.