Karatasi ya Mlangoni

"Amekubali! Jamani, amekubali! Mzee Zahari anahamia Jumamosi!"

Bilyana alipanda ngazi mbili mbili, akigonga kila mlango kama nyumba inaungua. Shangazi Veska, msimamizi wa jengo, akatoa kichwa kilichojaa vibanio vya nywele.

"We mtoto, huko chuo mnasomea kupiga kelele?"

"Kasema sawa, shangazi! Kwa mdomo wake!"

Veska akafuta macho kwa aproni, akasingizia vitunguu.

Haikuwa kazi ndogo, ati. Mwaka wa tatu huo Zahari analala kituo cha basi ng'ambo ya barabara, na sauti anazozisikia kichwani zinamwambia asiamini dari ya mtu. Baridi ya mwaka jana ilimla vidole viwili vya mguu. Daktari akasema nyingine haivuki akiwa nje. Majirani wakagombana weee, mwisho wakapatana: chumba cha kuanikia nguo kule chini kiwe chake. Krum fundi bomba akaleta kitanda na hita, Veska akashona mapazia, muuguzi wa manispaa akaahidi kuja na dawa kila Jumatano. Bilyana kazi yake kumshawishi tu. Wiki sita alikaa naye kituoni akisikiliza habari za tramu, lile gari la reli alilokuwa akiendesha mjini Sofia, na kila utamu ukikolea mzee anakata: "Yaliyobaki kesho."

Jumamosi akaja kweli, kanyolewa, koti la Krum limemmeza. Kwenye lango la jengo akavua kofia, kama kawaida yake, mbele ya karatasi zilizobandikwa pale: Asen wa ghorofa ya nne, siku arobaini tangu afe; mama yake Krum, mwaka mmoja. Picha, jina, mstari mweusi kuizunguka karatasi. Mji mzima hutangaziana misiba hivyo, na Zahari hakuwahi kuwapita wafu bila kuwaamkia.

Wakashuka chini. Bilyana mbele, hakai chini kwa furaha.

"Funga macho, mzee! Usichungulie! Haya, fungua!"

Mlangoni palikuwa na karatasi aliyokesha akiitengeneza. Picha ya Zahari akicheka. Jina lake kwa herufi kubwa. Chini yake: *Sasa hapa ndipo nyumbani kwake.* Wino wa rangi ulikuwa umeisha, akachapa nyeusi, na ili ipendeze akaizungushia mstari.

Zahari akasoma taratibu. Akavua kofia.

"Nimekufa lini?"

Bilyana akaangua kicheko. Alidhani utani!

"Mbona hamkuniambia?" akauliza mzee, kwa upole kabisa. Akaweka mfuko wake wa nguo mlangoni, kama mtu anayeacha maua, akageuka akapanda ngazi.

Kwenye ngazi akapishana na Veska aliyebeba mkate na chumvi vya kumkaribishia. Hakumwona. Veska akafika chini, akatazama mlango, akaitua sahani kwenye ngazi.

"Bilyana, mwanangu. Umembandikia tanzia."

"Mimi? Hapana, ni... Wino, shangazi! Wino ndio uli..."

Akaichana karatasi, akakimbia nayo hadi kituoni. Zahari alikuwa ameshakaa kwenye benchi lake, kofia magotini.

"Ona, mzee, nimeichana. Nilikosea mimi. Uko hai. Shika mkono wangu, si wa moto?"

"Wako ndio wa moto," akasema. "Siku ya arobaini mtabandika nyingine. Nenda kwenu, binti. Maiti hapewi chumba."

Krum akaja, akambembeleza. "Kaka, hita imewaka, twende." Veska akaleta mkate. Mzee hakuinua macho. Huwezi kumbeba mtu kwa nguvu ukamwambia ni kwake.

Theluji ya kwanza ikaanza kudondoka, nyembamba, kama majivu. Majirani wakarudi mmoja mmoja. Bilyana akabaki, akamfunika kwa shali yake, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye akasimulia: Veska alivyojichoma sindano akishona mapazia, Krum alivyokwama na kitanda ngazini akatukana hadi mbwa wakabweka. Alisimulia huku analia. Zahari shali hakuitupa.

Giza lilipokaribia, Bilyana akakata katikati, pale kitanda kilipokwama.

"Yaliyobaki nitakwambia kesho, mzee," akasema. "Lakini uwepo."