Siku ya Kumlisha Mama

Kinyozi alishuka kwenye gari, akamwamkia mama yake, akapokea pole, akaitikia. Siku hizi kazi yake ilikuwa kuitikia. Mteja akitaka panki ananyolewa panki, akitaka upara anapewa upara, akimuuliza habari anaambiwa nzuri. Tangu wamzike baba, hakudondosha hata chozi moja. Ndugu walishaanza kunong'ona kwamba yule ana roho ngumu. Aliwasikia vizuri tu, wala hayakumuuma, na hapo ndipo alipoanza kujiogopa.

Leo walikuja shambani kwa jambo moja: Mama ale. Jirani alipiga simu akasema mama yenu anapika kila siku, anapakua, halafu chakula chote anampa mbwa. Mbwa kanenepa, mama kabaki mifupa. Basi Dada, yule mkubwa, ambaye akisema kitu hata mumewe Shemeji hunyoosha mgongo, aliapa ndani ya gari. "Leo asipokula mbele ya macho yangu, jioni anapanda gari. Nyumba tunafunga. Sitaki kumzika na yeye."

"Mama hataki kuhama," Kinyozi alisema.

"Kwani nimekuuliza anataka nini?"

Kwa hiyo ikawa siku ya kupumzika, kama zile Jumapili zao za zamani. Mkeka ulitandikwa kivulini nyuma ya nyumba. Watoto wa Dada walivua viatu wakaingia kijitoni, wakarushiana maji mpaka mmoja akalia, kisha wakacheka wote. Shemeji, mtu wa tumbo na maneno, aliwasha moto kwa mbwembwe utadhani anazindua kiwanda, moshi ukamrudia usoni, akakohoa mpaka machozi. Kinyozi alimnyonyoa kuku. Jua lilikuwa zuri, upepo ulikuwa mzuri, mapera yalikuwa yameiva. Aliyaona yote hayo. Akamega pera, akatafuna, akameza. Lingekuwa karatasi angemeza vilevile.

Mama alikaa kwenye kigoda karibu na moto, mikono mapajani, akitazama sufuria. Mtu akimsemesha anajibu. Aliwauliza watoto habari za shule, akamwambia Shemeji kapungua, jambo ambalo halikuwa kweli. Ukimtazama ungesema mbona yuko sawa. Ila nguo ilimning'inia mabegani, na Kinyozi alipomsaidia kuinuka aende kwenye mkeka, alishangaa wepesi wake.

Dada alipakua wali na mchuzi wa kuku, akanawisha watu mikono. Wakala.

Nyie, walikula kimya! Shemeji, ambaye kwa kawaida hawezi kumaliza paja la kuku bila kulitolea hotuba, alitafuna huku akitazama kijito. Dada alimeza tonge, akakunja uso kidogo, akaendelea. Watoto walisukuma sahani wakakimbilia mapera. Kinyozi hakuona ajabu yoyote. Chakula hakikuwa na ladha, lakini kwake hakuna kilichokuwa na ladha tangu msibani.

"Kitamu, mke wangu," Shemeji alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayejibu swali la polisi.

Mama alikuwa hajagusa. Mikono kanawa, sahani iko mbele yake, mchuzi unaganda.

"Mama, kula," Dada alisema.

"Nitakula."

"Lini?"

"Nitakula, mwanangu."

Walingoja. Mama naye akawa kama anangoja. Mwishowe Dada akainuka, akaingia ndani, wakasikia kabati linafunguliwa. Akatoka na begi la nguo, akalitua juu ya mkeka. "Haya. Mimi nimemaliza. Tunaondoka na wewe, Mama."

Mama alilitazama lile begi. Kinyozi akamsogelea, akachuchumaa mbele yake. "Mama, tafadhali. Tonge moja tu. Kwa nini huli?"

"Nasubiri chumvi," Mama alisema.

Shemeji akatua mfupa. "Kumbe hamna chumvi?" akasema taratibu. "Mimi nikadhani ni hii presha yangu, na vidonge vipya."

"Mimi nikadhani ni mafua," Dada alisema, akakaa chini palepale, pembeni ya begi.

Maana katika nyumba ile, tangu Dada na Kinyozi hawajazaliwa, chumvi ilikuwa ya Baba. Aliwahi kuwa mpishi wa shule ya bweni, na huko aliona sufuria nzima ikimwagwa kwa sababu wapishi wawili walitia chumvi kila mtu kwa wakati wake. Akaapa kwake haitatokea. Pika utakavyo, koroga utakavyo, chumvi usiguse. Chakula kikiiva atakuja mwenyewe kutoka alikokuwa, ataonja, atatia, ataonja tena, kisha atasema, "Sasa leteni sahani." Nyumbani kwake mjini, Dada alitia chumvi mwenyewe kila siku. Ila kwenye moto huu mkono wake haukuwahi kuifikia, na leo pia haukuifikia.

"Mama, ulijua?" Dada aliuliza.

"Nilikuwa nimekaa pale. Sikuona mtu amekuja kwenye sufuria." Mama alisema kama anayeeleza habari za mvua. "Kila siku ndivyo. Napika, kinaiva, nakaa nasubiri aje atie. Najua haji. Nasubiri tu. Kikipoa nampa mbwa."

Dada alijifunika uso kwa khanga. Kinyozi aliinuka, akaenda jikoni, akashusha kopo la chumvi rafuni. Alirudi akasimama kwenye sufuria, hajui achote kiasi gani. Akatia. Akaona haitoshi, akatia tena. Akakoroga, akampakulia Mama upya.

Mama alimega tonge, akachovya, akala. Wote walimtazama koo.

"Imezidi," alisema. Akamega jingine. "Imezidi sana, mwanangu. Baba yako asingeharibu hivi." Na akaendelea kula.

Kinyozi akachota mchuzi kwa kidole, akaonja. Chumvi ilimuuma ulimi, ikampanda mpaka masikioni, kali, mbaya, na aliisikia yote. Ikamwingia kwamba baba yake hatatokea nyuma ya nyumba kuja kuiokoa sufuria hii. Hatatokea leo wala siku yoyote. Akakaa majivuni, akalia kwa sauti kama mtoto, kamasi na yote, mbele ya shemeji yake.

Hakuna aliyemnyamazisha. Mama alimaliza sahani yake, akanywa maji mengi, akafuta mdomo.

"Jumapili uje utie tena," alimwambia. "Siku nyingine nitajitilia mwenyewe."

Dada alilichukua begi akalirudisha ndani.