Njiti za Mkemia, Taya la Keziah

Umeangalia pembeni tena. Jumamosi, pale ukumbini, ulimwona Keziah Garbutt amefunga taya kwa shali, ukageukia keki. Nilikuwepo. Mimi sisahau.

Mlikuja kumsherehekea marehemu mkemia wetu, aliyebuni njiti za kiberiti dukani kwake, hapa hapa ukingoni mwa mto Tees. Daftari lake la mauzo lilikuwa mezani, limefunikwa kwa kioo. Mlisukumana kusoma nani alinunua boksi la kwanza. Pembeni mwa jina hilo mkemia alikuwa ameandika dawa alizochanganya. Hapo hamkupasoma.

Keziah ni mchovya njiti katika kiwanda cha Bwana Raisbeck. Chumba cha kulia hakuna. Mkate na mafuta ya nyama huliwa pale pale kazini, kwa vidole vilivyojaa fosforasi nyeupe, ile sumu ya vichwa vya njiti inayoozesha taya. Jino likianza kuuma, unaficha. Ukigundulika unafukuzwa mapema, ili taya likioza isemwe limeozea kwenu.

"We Keziah, mbona umefungwa kama maiti?" Thirkell, nyapara wake, alimtania mlangoni.

"Matubwitubwi, bwana."

"Matubwitubwi gani yananuka hivyo?"

Watu wakacheka. Na wewe ulicheka.

Kisha Raisbeck akasimama. Kwa heshima ya marehemu, alikuwa ameagiza njiti chache zitengenezwe kwa mchanganyiko ule ule wa daftarini. Akabana moja ndani ya msasa uliokunjwa, akaivuta kwa nguvu. Ikawaka. Akawashia sigara yake, mkapiga makofi.

Sauti ikatoka nyuma. "Samahani, bwana. Hiyo ina fosforasi?"

"Hata chembe!" Raisbeck akajibu kwa majivuno, bila kutazama anayeuliza. "Mzee wetu hakuitumia fosforasi."

Keziah akafungua shali. Shavu lilikuwa limevimba, usaha ukitoka chini ya taya.

"Majira ya kuchipua tulikuomba uiondoe. Ukatuambia bila fosforasi hakuna moto. Sasa hiyo sigara umeiwasha kwa mate?"

Raisbeck akaguna kwamba njiti za namna ile ni ghali kutengeneza. Ghali! Mbele ya shavu lile!

Thirkell akamshika Keziah mkono. "Haya, nje. Na Jumatatu usije."

"Nani atanilipia hospitali? Daktari kasema taya lisipokatwa sasa, nitakufa."

"Kamuulize mkemia wako."

Akatolewa. Mkamrudia Raisbeck na keki yake.

Leo Jumapili mmeimba vizuri kanisani, nimewasikia. Kesho kengele ya kiwanda ikilia, wachovya njiti wote tutabaki nje ya lango. Hatuingii mpaka Keziah arudishwe kazini na atibiwe kwa fedha za kiwanda, na fosforasi nyeupe itupwe. Raisbeck anategemea usije. Lile boksi lake la njiti lililo mfukoni mwako, litoe. Lilete langoni ulirushe miguuni pake, na usinunue jingine. Vaa viatu. Njoo.