Lebo Tuliyoipigania

Mimi sisahau. Ndugu zangu wanasema ni ugonjwa, basi niandike kabla hawajanitafutia dawa.

Miaka kumi na moja iliyopita, mimi na mume wa mdogo wangu tulikuwa vibarua wa kiwanda cha sabuni, chumba cha kuchanganyia. Wenzetu walibabuka vidole, mabosi wakasema ni jasho. Tukagoma siku kumi na tisa getini, yeye akiwa katibu wa kamati, na jina la Katibu limemganda mpaka leo. Tulichopata ni lebo: karatasi ya njano kwenye kila dumu la dawa ya mazulia. Maneno niliyatunga mimi, niliyeishia darasa la sita, yeye akayanakili kwa mwandiko wake mzuri. Vaa glavu. Suuza mara mbili kwa maji safi. Mtoto na mnyama wasikanyage mpaka zulia likauke kabisa.

Siku hizi Katibu ana biashara yake ya kusafisha mazulia majumbani. Jumamosi asubuhi akaja kwangu na mashine, brashi, na dumu jeupe lisilo na maandishi.

"Nimfungie Soksi jikoni?" nikauliza.

Soksi ni paka wangu, mweusi mwenye nyayo nyeupe zote nne. Alizaliwa nyuma ya mapipa ya kiwanda, mwaka ule ule wa mgomo. Katibu mwenyewe alinikabidhi, ndani ya kofia yake.

"Shemeji na wewe. Hii ni sabuni ya kisasa, hata mtoto mchanga atatambaa."

"Mbona dumu halina lebo?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa habari za lebo?"

Akacheka, nami nikacheka. Kumbe ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nyumba nzima ilinukia waridi. Alisuuza mara moja, akatazama saa, akasema kuna mteja anamsubiri. Zulia akaliacha bichi.

Saa nane mchana nikamkuta Soksi katikati ya zulia, analamba nyayo kwa utaratibu, kama mzee anayejiandaa kwenda kikaoni. Haikupita muda mate yakaanza kumtoka kama uzi. Akatapika. Akajaribu kupanda kitini, miguu ikamkataa.

Nikampigia daktari wa wanyama.

"Mwoshe miguu kwa maji matupu ili asiendelee kulamba," akasema. "Usimpe maziwa, usimlazimishe kutapika. Mlete, na uje na jina la dawa. Bila jina nitakuwa nabahatisha."

Nikampigia Katibu.

"Ni sabuni tu, shemeji."

"Sabuni gani? Soksi anakufa, daktari anataka jina."

Nyuma yake mashine ilinguruma, nyumbani kwa mtu mwingine.

"Labda amekula panya mwenye sumu," akasema, akakata. Nilipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Nikamwosha Soksi kwenye beseni. Maji yalipoondoa ile harufu ya waridi, nikanusa nyayo zake, na pua yangu ikanirudisha chumba cha kuchanganyia. Ilikuwa dawa ile ile, imetiwa manukato.

Nikamkimbiza kwa daktari, nikamtajia jina la dawa na kila kilichomo ndani yake, kimoja baada ya kingine.

"Mama, wewe ni mkemia?"

"Mimi ni mgomaji."

Akamtundikia Soksi dripu. "Tutajua kesho," akasema.

Jumapili nikaenda stoo kwa Katibu. Nilimkuta amekaa juu ya kigoda, ameshika kisu, anabandua lebo. Ndoo ya maji miguuni pake ilikuwa imejaa karatasi za njano zinazoelea.

"Wateja wakizisoma wanaogopa," akasema kabla sijauliza. "Wananirudisha mlangoni. Nina watoto, shemeji. Usinimwagie unga."

"Nilikuuliza jina. Ulilijua. Ukaniambia panya."

"Niliogopa."

"Getini hukuogopa."

"Getini nilikuwa na wewe."

Siku moja kabla, neno hilo lingenilainisha.

Nikaziokota lebo kutoka kwenye ndoo, nikazianika kwenye kamba yao ya nguo, kila moja na kibanio chake. Mdogo wangu akatoka jikoni, akaziangalia, akaniangalia.

"Dada, utanivunjia nyumba."

"Nyumba za watu wengine zina paka pia. Zina watoto."

Simu ikaita. Ni daktari. Soksi amekunywa maji mwenyewe, halafu amemkwaruza msaidizi aliyekuja kumbadilishia dripu. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Katibu alikuwa amesikia, naye akaanza kucheka, ule mcheko wake wa getini.

"Wewe usicheke," nikamwambia.

Akaweka kisu chini. Ukutani mwa stoo palikuwa na kalenda aliyoandikia nyumba za wateja wake, siku kwa siku, kwa mwandiko ule ule mzuri. Nikaibandua. Hakunizuia, wala hakunisaidia. Lebo zilipokauka nikazikusanya na kuanza na nyumba ya Jumamosi mchana, ile nilikosikia mashine ikinguruma. Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa amebeba mtoto wa mbwa.

"Zulia lako limekauka?" nikamuuliza.